Dhaifu Anaziba Mapengo

Jumatatu, 6 Machi 1972

Daftari la maabara ni la Kiingereza na halikubali hasira. Humo naandika joto na dakika na kipimo, nalifunga. Hili la pili nimelinunua leo mjini ili nipate mahali pa kulalamika kwa Kiswahili bila msimamizi wangu, Dakta Wahome, kunisahihisha pembeni kwa kalamu nyekundu.

Mambo yenyewe ni haya. Nina mpaka tarehe 30 Juni kukabidhi tasnifu yangu ya shahada ya pili. Siku hiyo ufadhili unakwisha, na zamu yangu kwenye mashine ya kuzungusha, iliyoko katika maabara ya mifugo kule Kabete, anapewa mtu mwingine. Nikishindwa nitarudi Butere kufundisha sayansi kidato cha pili, na mama atakuwa akiwaeleza watu kanisani jinsi Gerishon wake alivyokaribia.

Kazi yangu ni bakteria wa aina tatu waliokuja kwa posta kutoka ng'ambo mwezi wa Januari, ndani ya vichupa vidogo kama vya dawa ya macho. Majina yao halisi ni herufi na tarakimu, kwa hiyo nimewabatiza. Mzima ana njia zote za kujitengeneza akichomwa na taa ya urujuanimno. Nusu amekosa njia moja, ya kukata na kutoa sehemu iliyoungua. Dhaifu amekosa hiyo na nyingine zaidi, na hiyo nyingine ndiyo tasnifu yangu.

Jioni dada yangu mkubwa, Phoebe, alitaka kujua. Yeye ni mpiga taipu katika ofisi ya serikali mjini, na tunaishi pamoja katika chumba cha uani nyuma ya nyumba ya watu, Kileleshwa. Ndiye atakayenipigia hiyo tasnifu.

"Sasa Geri, hiyo kitu yako inafanya nini kabisa?"

"Inanakili DNA yake kabla ya kugawanyika. Ukiimulika na ile taa, uzi unaungua hapa na pale. Nakala ikifika palipoungua haisomeki, kwa hiyo inaruka na kuanza tena mbele. Uzi mpya unabaki na pengo."

"Kama draft ya bosi yenye imemwagikiwa chai."

"Hiyohiyo. Wewe unafanyaje?"

"Naacha nafasi, naendelea kupiga. Nikimaliza naenda kutafuta kopi ingine nijaze pale."

"Basi na wao ndivyo wanavyofanya. Kopi ya pili wanayo ndani yao. Wanachukua kipande huko wanajaza pengo."

"Na huyu Dhaifu?"

"Hana namna ya kukichukua. Anabaki na mapengo yake, anakufa."

"Maskini," alisema Phoebe, kisha akanituma maji.

Jumatatu, 13 Machi

Nimewahamisha wote watatu kwenye sahani mpya. Jua kali.

Jumatano, 15 Machi

Kabete tangu asubuhi. Niandike kazi hii inavyokwenda mara moja, nisirudie tena. Namulika bakteria kwa taa, kisha nawapa chakula chenye alama ya mionzi ili uzi mpya uwe na alama hiyo. Sehemu moja yao nawavunja papo hapo. Sehemu ya pili nawaacha kwenye maji ya uvuguvugu dakika sabini, ndipo nawavunja. Vyote naviweka juu ya maji ya sukari ndani ya mirija na mashine inazungusha. Nyuzi ndefu huzama mbali, vipande vifupi hubaki juu. Kwa hiyo bakteria aliyeziba mapengo, nyuzi zake zinakuwa fupi mwanzoni na ndefu baada ya dakika sabini. Asiyeziba, fupi zinabaki fupi.

Mzima, sawa. Nusu, sawa kabisa, fupi kisha ndefu, nusura nimkumbatie fundi wa mashine. Dhaifu alitakiwa abaki na vipande vyake vifupi. Hakubaki. Kama theluthi yake imezama chini na zile ndefu.

Nimempelekea Dakta Wahome karatasi. Alirudi kutoka masomoni ng'ambo mwaka juzi na bado anakunywa kahawa peke yake ofisini wakati sisi wote tuko kwenye chai. Ameitazama kwa muda, akasema, "Rudia."

Ijumaa, 17 Machi

Nitakufa nikimngoja Mzee Taib.

Taib Munir ndiye anayeosha vyombo vya maabara na kuvipika kwenye ile sufuria kubwa ya mvuke. Ni mtu wa Mombasa, anaishi ghorofani mjini, si mbali na msikiti, na ameifanya kazi hii miaka tisa akiwa bado kibarua. Leo nilihitaji mirija ishirini na minne kabla ya saa sita. Alikuwa akiinua mmoja mmoja dirishani, anautazama, anaurudisha majini.

"Mzee, hiyo imeshatakata."

"Imetakata kwako, Bwana Gerishon. Kwangu mie bado."

"Nimechelewa."

"Nawe ungeniambia jana."

Saa sita akavua aproni, akatawadha, akaenda kuswali Ijumaa. Mirija ikabaki inachuruzika. Nimeipata saa tisa.

Jumatatu, 20 Machi

Nimewahamisha. Mawingu tu.

Jumatatu, 27 Machi

Nimewahamisha. Mvua imeanza.

Jumatano, 5 Aprili

Pasaka imenipotezea siku nne, na leo stima imepotea Kabete saa nane na robo mashine ikiwa katikati. Iliporudi, sukari ilikuwa imevurugika kwenye mirija yote. Kazi ya siku tatu nimeimwaga kwenye sinki. Nimerudi kwa miguu hadi barabara kuu kwenye matope, kiatu kimoja kimeachana na soli. Fundi amesema, "Pole, wakati wa mvua ni hivyo." Kama anajua ni hivyo mbona amenipa zamu ya mchana?

Jumatatu, 10 Aprili

Nimewahamisha. Mvua usiku kucha, na sasa.

Jumatano, 12 Aprili

Stima haikupotea. Ningependa ingepotea. Dhaifu ameziba zaidi ya nusu ya mapengo yake.

"Rudia," alisema Dakta Wahome.

Jumatatu, 17 Aprili

Nimewahamisha. Mvua.

Ijumaa, 21 Aprili

Juzi nilirudia. Jana nilichora mistari ya Nusu na ya Dhaifu kwenye karatasi moja, na mtu asiyejua angedhani nimechora mstari mmoja mara mbili. Fupi, kisha ndefu. Dhaifu anaziba mapengo kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo.

Nilipoingia ofisini sikungoja neno lake. "Usiniambie nirudie, Dakta."

Akavua miwani. "Una hakika kwamba huyu ndiye Dhaifu?"

Mimi ndiye niliyemtoa kwenye kichupa cha posta. Mimi ndiye ninayemlisha. Nilimjibu kwa adabu kwamba nitampima mbele yake, nikampima. Nilimpaka kwenye sahani, nikamweka chini ya taa sekunde tano, sawasawa na nilivyofanya Januari alipofika. Leo jioni hakuna kilichoota. Wamekufa wote. Basi ni yeye.

Kama bakteria ni yeye, na dawa ni zilezile, na mashine inawapa Mzima na Nusu majibu sawa, kimebaki nini? Vyombo. Mrija uliokuwa na Nusu juzi, ukioshwa vibaya, unampokea Dhaifu leo na mabaki ya Nusu humo ndani. Nusu anakua haraka, anajaza mrija, naye ndiye ninayempima nikidhani ni Dhaifu. Nimelifikiria jambo hili toka Westlands hadi nyumbani na sioni tundu ndani yake.

Jumanne, 25 Aprili

Nimesema.

Saa nne tulikuwa kwenye chumba cha chai, watu tisa. Mhadhiri mmoja wa mimea aliniuliza kwa utani tasnifu inaendeleaje, kama wamwulizavyo mgonjwa. Nikasema ingekuwa imekwisha kama vyombo vya maabara hii vingekuwa vinaoshwa. Nilisema kwa sauti. Mzee Taib alikuwa mlangoni na birika, kwa sababu chai pia ni yeye.

"Vyombo vyangu, Bwana Gerishon?"

"Vina uchafu, Mzee. Nimeupima."

Sikuwa nimepima kitu. Aliweka birika mezani taratibu, akapangusa kikombe kilichokuwa mbele yangu kwa kitambaa chake, akatoka. Mtu akauliza sukari iko wapi.

Mchana nikaandika barua kwa ofisi ya utumishi, nusu ukurasa, kwamba vyombo havitakaswi ipasavyo na kazi ya miezi minne imeharibika. Phoebe aliniuliza kama nimemwonya mzee kwanza. Nikamwambia hapa si kanisani.

Ijumaa, 28 Aprili

Mzee Taib hakuja. Karani wa utumishi anasema kibarua hahitaji barua ndefu.

Jumanne, 2 Mei

Mtu mpya anaitwa Dalmas. Alikuwa akikata nyasi hapa nje. Ni mkarimu, anaosha haraka, anaimba nyimbo za kanisa. Nimemwonyesha sufuria ya mvuke na kumwambia achemshe kila chombo mara mbili. Najisikia mwepesi leo kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Jumatatu, 8 Mei

Nimewahamisha. Mvua, na barabara ya mtoni imefungwa.

Alhamisi, 11 Mei

Safari hii sikumwachia hata Dalmas. Nimeosha mirija yote mwenyewe, mikono yangu miwili, nikaipika, nikaipika tena. Mingine nilifungua mipya kutoka kwenye boksi, haijawahi kuguswa na bakteria tangu itoke kiwandani.

Dhaifu ameziba mapengo yote.

Nimeketi ndani ya maabara na karatasi mapajani hadi Dalmas akaja kufagia chini ya miguu yangu. Kama si vyombo, basi nimemfukuzisha mtu kazi kwa sababu gani?

Jumamosi, 13 Mei

Nimekuja maabara leo ingawa ni Jumamosi. Sikuwasha taa wala jiko. Nimekaa na daftari la Kiingereza nikalisoma toka ukurasa wa kwanza, kitu ambacho sijawahi kufanya, maana nilidhani nayajua yaliyomo.

Kila Jumatatu, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya misheni, sentensi ni hiyohiyo: nimechagua kitone kikubwa, chenye afya. Tarehe kumi Januari, kitone kikubwa. Tarehe kumi na saba, kitone kikubwa. Nimehesabu. Ukiondoa sikukuu mbili, ni Jumatatu kumi na sita.

Nikatoa sahani ya Dhaifu kwenye jokofu nikaiinua dirishani. Bakteria ukiwapaka kwenye chakula, kila mmoja anazaa ukoo wake, na ukoo huo unaonekana kama kitone cha ute. Katika sahani ya leo vitone vyote ni vikubwa, mviringo, vinang'aa, ningevipeleka maonyesho ya kilimo. Nikaitafuta sahani ya Februari, ambayo nilipaswa kuitupa na kwa uvivu sikuitupa. Ile ina vitone vidogo, vingi sana, hafifu kama vumbi la unga, na hapa na pale kimoja kikubwa. Nakumbuka nilivyoviona vile vidogo. Nilidhani ni takataka.

Ndiye Dhaifu yule. Watoto wake wengi hufa hata bila taa, kwa hiyo ukoo wake hauwezi kunenepa. Mara mojamoja, mmoja katika mamilioni hubadilika akaipata tena ile njia iliyopotea, na huyo hukua haraka na kitone chake hunona. Nami nikapita na sindano yangu ya kuhamishia kila Jumatatu nikawaacha Dhaifu wa kweli, nikamchukua aliyepona.

Mama yangu akivuna, huketi na mahindi yote uani, anachagua yaliyo mazito, yenye mistari ya punje iliyonyooka, anayafunga maganda kwa maganda na kuyaning'iniza juu ya moto yakauke kwa moshi. Hayo ndiyo mbegu ya mwaka ujao. Madogo hupewa kuku. Nimefanya kazi hiyo naye tangu nikiwa na miaka sita na sijawahi kuiwaza mara ya pili. Hakuna aliyenifundisha hapa nichague kikubwa, na hakuna aliyehitaji kunifundisha.

Na kile kipimo cha sekunde tano nilichojivunia mbele ya Dakta! Nusu naye angekufa kwa sekunde tano. Sikumweka Nusu pembeni yake. Nimejipiga kofi la paja hadi mlinzi akachungulia dirishani.

Jumanne, 16 Mei

Nimerudi kwenye kichupa cha posta, kilikuwa bado ndani ya jokofu, nyuma kabisa. Jana niliwapaka vikubwa na vidogo na Nusu kwenye sahani moja, taa sekunde moja tu. Leo Nusu ameota. Vikubwa vimeota. Vidogo, hakuna hata kimoja.

Mvua imekatika leo, sijui hata nifurahi na nani.

Jumatano, 17 Mei

Dakta Wahome amenisikiliza mpaka mwisho bila kuvua miwani. Nilimweleza yote, mahindi pia. Alicheka kidogo kwenye mahindi, si kwa ubaya.

"Babangu naye alikuwa akichagua hivyo," alisema. "Sasa nisikilize. Mpaka Dhaifu wa kweli akue vya kutosha ni Juni. Zamu za Kabete zilizobaki ni mbili au tatu. Haitoshi."

"Najua."

"Lakini una Mzima na Nusu, na hao ni wazuri. Andika hao. Kwa Dhaifu weka mstari mmoja, kwamba majibu yaliharibika kwa sababu ya uchafu wa vyombo. Barua iko ofisini tayari, mtahini akiuliza utamwonyesha. Utakabidhi mwishoni mwa mwezi huu."

"Vyombo havikuwa vichafu, Dakta."

"Naelewa. Lakini mfanyakazi ameshaondoka, Gerishon, na wewe bado uko."

Nilimshukuru. Niandike ukweli humu: nilitoka mle ofisini nikiwa na furaha.

Ijumaa, 19 Mei

Phoebe amepiga taipu sura mbili za kwanza, nakala tatu, safi kabisa. Alipofika kwenye ule mstari wa vyombo akasimamisha vidole.

"Si ulisema ni wewe?"

"Ni mimi."

Nilidhani atakataa kuupiga. Ningefurahi angekataa, kwa sababu basi lingekuwa shauri lake. Akaupiga.

"Wewe andika hivyo tu," alisema. "Mama ameshaambia mpaka pastor. Huyo mzee atapata kazi ingine, town haikosi kazi."

Nimekasirika naye jioni nzima bila haki yoyote.

Jumamosi, 20 Mei

Nimeuliza kwa mtunza viatu msikitini nikaelekezwa ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Aliyefungua ni mke wa Mzee Taib, Bi Salme, leso begani. Nilipomtajia jina langu hakunifungia, lakini hakunikaribisha pia.

"Ni weye ulomwita mume wangu mchafu?"

"Ni mimi, mama. Nimekuja—"

"Huyu mtu hunikatalia gilasi nilokwisha kuiosha kwa mkono wangu. Huirudia mbele yangu. Miaka ishirini na miwili naudhiwa. Kisha aje kijana amwambie yeye mchafu, mbele za watu." Alinyoosha kidole chini barabarani. "Yupo hotelini kwa binamu yake. Anaosha vikombe."

Nilimkuta uani nyuma ya hoteli, amekunja mikono ya shati, makarai mawili mbele yake. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kwa sababu hiyo haikataliwi, akaendelea na vikombe.

Nimemwambia yote nikiwa nimesimama. Nilimwambia vyombo vyake havikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye mkono wangu, na kwamba nilidanganya niliposema nimeupima uchafu. Alikuwa akiinua kikombe kwenye mwanga, akikigeuza.

"Hayo ulosema, ulinambia mie faragha?"

"Hapana, Mzee."

"Ulisemea wapi?"

"Chumba cha chai."

"Wakati gani?"

"Saa nne."

"Watu wangapi?"

"Tisa."

"Basi hapa umekosea njia," alisema, akatumbukiza kikombe majini. "Nenda kwa wenyewe."

Jumatatu, 22 Mei

Saa nne. Walikuwa wanane, mmoja yuko safarini. Nilisimama karibu na dirisha nikasema kwamba mwezi uliopita niliwaambia vyombo vya Mzee Taib ni vichafu, na kwamba ulikuwa uongo, sikuwa nimepima kitu. Nikasema kazi yangu niliiharibu mwenyewe kwa kuchagua bakteria vibaya, wiki kumi na sita. Yule mhadhiri wa mimea akatazama ndani ya kikombe chake. Mwingine akauliza kwa udadisi wa kweli jinsi vitone vilivyotofautiana, nikalazimika kumchorea kwenye leso ya karatasi huku masikio yakiniwaka. Dalmas alizunguka akimimina chai.

Kisha nikaandika barua ya pili kwa utumishi, ndefu kuliko ya kwanza, nikachukua kurasa za Phoebe nikauondoa ule mstari. Dakta Wahome amesema sawa, lakini bila mstari huo kuna shimo katikati ya tasnifu, na hawezi kutia sahihi juu ya shimo. Itabidi nilijaze kwa majaribio.

Phoebe haongei nami. Amesema hatapiga ukurasa ule mara ya pili, na akifika nyumbani anakaa na redio.

Jumatatu, 5 Juni

Nimewahamisha. Dhaifu nimechagua kidogo kuliko vyote, nimetumia kioo cha kukuzia. Mkono ulikuwa haupendi. Baridi kali na ukungu.

Jumatatu, 12 Juni

Mzee Taib amerudi. Utumishi wamemrudisha kwa barua ya mistari miwili, bado kibarua, na Dalmas amerudi kwenye nyasi zake akiwa na furaha kuliko sisi sote. Nilimwamkia mzee. Marahaba. Hakuna zaidi.

Jumatano, 14 Juni

Stima imepotea Kabete. Sina la kuandika ambalo halijaandikwa tarehe 5 Aprili.

Jumatano, 21 Juni

Mashine imezunguka saa zote bila stima kukatika. Nimekusanya matone moja moja toka chini ya mrija, nimeyapima, nimechora. Nusu, fupi kisha ndefu. Dhaifu, fupi. Na baada ya dakika sabini, fupi. Mstari wake umekaa palepale juu ya sukari, haukushuka hata kidogo. Hajaziba pengo hata moja.

Nimepiga kelele peke yangu. Nikakimbia na karatasi hadi ofisini. Dakta Wahome aliitazama kwa muda mrefu na nikaona amefurahi, macho yake yalifurahi.

"Ni hii," alisema. "Rudia mara mbili."

"Nina zamu moja, Dakta. Tarehe ishirini na nane. Jaribio moja lililofaulu si matokeo?"

"Jaribio moja si tasnifu. Mawili si tasnifu. Unajua."

Ninajua, na ndiyo sababu ningemrushia kiti.

Ijumaa, 23 Juni

Wafadhili wamejibu ombi la kuongezewa miezi mitatu. Hapana. Ningekabidhi mwezi wa Mei, kwa mstari mmoja wa uongo, na sasa hivi ningekuwa nakunywa chai nikingoja sherehe ya kuhitimu. Nimeandika barua kwa shule ya Butere. Wananihitaji tarehe tatu Julai.

Nilimwambia Phoebe akiwa anapiga pasi. Alisema, "Si ungenisikiza." Baadaye akapiga pasi mashati yangu pia, yote manne, bila kuniuliza.

Jumanne, 27 Juni

Kesho ni zamu yangu ya mwisho na hainisaidii chochote. Dakta Wahome aliniuliza kama nitamwachia mtu mwingine zamu hiyo. Nimemkatalia. Akija mwanafunzi mwakani na kufungua daftari langu, nataka aukute mstari wa Dhaifu mara mbili, si mara moja, na chini yake maelezo ya jinsi ya kumchagua.

Jioni saa kumi na moja nilienda kwa Mzee Taib kuchukua mirija ya kesho. Wenzake wote walikuwa wameondoka. Alikuwa ameipanga ishirini na minne kwenye kitambaa cheupe, midomo chini, na koti lake liko tayari mgongoni mwa kiti. Nilisema asante nikanyoosha mkono kuichukua.

"Ngoja, Bwana Gerishon." Tangu arudi, hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu yaliyozidi marahaba. "Itazame kwanza."

"Mzee, najua ni safi."

"Hata mara ile ulijua. Itazame, mie nikiwapo hapa."

Nikauinua wa kwanza dirishani, nikaugeuza, nikauweka. Nikauinua wa pili. Mwanga ulikuwa ukipungua na ilinibidi nisogee karibu na kioo. Hakunihimiza. Nilipoweka wa ishirini na nne chini, alichukua koti lake, akalivaa, akafunga vifungo vyote, akaenda zake.